Ya leo ni ipi?

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, Coco Beach, Dar es Salaam. Mihogo inakaangwa, mishikaki inafuka moshi, spika za kila kona zinashindana, na mimi nimesimamisha traipodi pembeni kidogo ya watu, lenzi nimeielekeza baharini, nasubiri mwezi utoke. Usiku huo mwezi ulikuwa unapatwa na sisi wa ukanda huu tulikuwa na bahati ya kuliona tukio zima, mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo niliwahi kufika nikashika sehemu yangu.

Ukatoka. Mwanzoni ulikuwa na rangi ya chungwa na umebonyea kidogo kwa chini kwa sababu ya hewa nzito ya pale upeoni, halafu kadiri ulivyopanda ukazidi kuwa mweupe. Nikapiga. Mpwa wangu niliyekuwa naye akatoa simu yake, akavuta zumu mpaka mwisho, doa jeupe likawa linarukaruka kwenye skrini halina kitu ndani, halafu ghafla likatulia na mashimo yakatokea, mabonde, ile michirizi myeupe, kila kitu.

"Mamdogo, hebu cheki hii."

Na kweli ilikuwa kali. Kali kuliko ya kwangu.

Mzee mmoja muuza madafu alikuwa amesogea kutazama hiyo lenzi. Nikamwamkia, akaitikia, akainama kuangalia simu, akaja kuangalia skrini ya kamera, akanyanyua uso akautazama mwezi wenyewe kwa muda, akarudi tena kwenye simu.

"Zote nzuri," akasema. "Sasa ya leo ni ipi?"

Mpwa wangu akamwambia zote za leo mzee, si tumepiga hapa hapa saizi hii. Mzee akaitikia mhh, mteja akamwita, akaondoka na panga lake mkononi. Mimi ndo nikabaki na lile swali, wiki zimepita na bado ninalo, nikiosha vyombo ninalo, nikiwa kwenye mwendokasi ninalo, ndo maana leo nimekaa niliandike.

## Milimita mbili na pointi saba

Kwanza niseme tunashughulika na kitu kidogo kiasi gani, maana hapo ndo kila kitu kinaanzia.

Mwezi angani unachukua nusu digrii tu. Nyoosha mkono, kidole chako cha mwisho kinaufunika wote na nafasi inabaki. Ukitaka kujua utaonekana mkubwa kiasi gani kwenye kamera, chukua urefu wa lenzi, zile milimita zilizoandikwa juu yake, ugawe kwa 110, jibu ndo upana wa mwezi kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Lenzi yangu inaishia milimita 300. Kwa hiyo mwezi wangu una upana wa milimita 2.7, kwenye sensa yenye upana wa milimita 23 na kitu. Kwa pikseli inakuja kama 700 kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, na kwa kuwa mwezi wenyewe una kipenyo cha kilomita 3,474 maana yake kila pikseli imebeba karibu kilomita tano za ardhi ya kule. Shimo la Tycho, lile ambalo michirizi myeupe inatokea kwake, lina upana wa kilomita 85. Kwangu mimi ni pikseli 17.

Pikseli 17!

Na hizo 17 lazima zipite kwenye hewa ya Dar, yenye joto na unyevu, inayochemka juu ya mchanga uliopigwa jua kutwa nzima. Mwezi ukiwa chini upeoni mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi mara nyingi zaidi kuliko ukiwa utosini, ndo maana ukivuta karibu kwenye skrini unaona ukingo wake unatetemeka. Wenye uzoefu watakwambia subiri upande. Ni kweli, ila ukipanda sana hapa kwetu unakuwa utosini kabisa na hapo unapiga picha huku shingo imevunjika nyuma.

Mwanga wenyewe sio tatizo, wengi wanadhani ni tatizo kwa sababu ni usiku. Mwezi unapigwa na jua lile lile la mchana. Mawe yake ni meusi, yanarudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga, karibu sawa na lami iliyochakaa, lakini ni lami iliyoko juani. Kwa hiyo ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, yaani limebanwa, shata ifunguke sehemu 1 kwa 100 ya sekunde, na hapo mwezi mpevu unakaa sawa. Ukiiachia kamera iamue yenyewe inaona anga jeusi limejaa kila mahali, inaongeza mwanga, mwezi unaungua wote mweupe.

Hayo yote niliyajua kabla ya ile Jumapili. Nilidhani kujua hayo kunatosha.

## Saa mbili na nusu

Saa moja na dakika 27 usiku kivuli cha dunia kikaanza kuung'ata. Saa mbili na nusu ukawa umezama wote, na ukakaa humo dakika 82, mpaka saa tatu na dakika 52.

Coco ikabadilika. Spika hazikuzimwa lakini watu walikuwa wamesimama, wameangalia upande mmoja, kina mama wanawaonyesha watoto, na kuna waliokunja mikeka wakawahi msikitini kwenye swala ya kupatwa. Mwezi ulikuwa na rangi ya matofali. Mwanga ulishuka vibaya sana, nikaipandisha ISO mpaka 3200, lenzi nikaifungua yote, shata nusu sekunde, zaidi ya hapo mwezi unaanza kuvutika kwenye picha kwa sababu hausimami, kila baada ya dakika mbili unakuwa umesogea upana wake mzima.

Mpwa wangu akajaribu tena na simu. Safari hii ikampa duara la rangi ya chungwa, laini, halina shimo hata moja. Akapiga tena. Vile vile. Akaniangalia.

Picha yangu ilikuwa na chembechembe kibao, huwezi kuichapa ukaiweka ukutani. Ila ukiitazama vizuri, upande wa kulia ulikuwa na mwanga kidogo kuliko kushoto. Nilifikiri ni lenzi. Nikaja kusoma baadaye kwamba usiku ule mwezi ulipita kusini kidogo ya katikati ya kivuli, kwa hiyo ukingo wake wa kusini ulikuwa karibu zaidi na nje, na sisi tukiwa tumeangalia mashariki, kusini ni mkono wa kulia.

Sikuwa nimeambiwa hilo kabla. Picha ndo iliniambia.

Hapo ndo lile swali la mzee likaanza kuuma.

## Simu inaujua mwezi

Kuna jambo lilitokea Machi 2023 ambalo nadhani wapenzi wengi wa simu wanalikumbuka. Mtumiaji mmoja wa Reddit alichukua picha ya mwezi mtandaoni, akaipunguza mpaka pikseli 170 kwa 170, akaififisha kwa makusudi mpaka ikawa ukungu tu, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta. Akazima taa, akarudi nyuma, akaipiga kwa simu ya Samsung yenye zumu kubwa, zile ambazo tangu S20 Ultra ya 2020 zinatangazwa kwa zumu ya mara 100. Simu ikatoa mwezi wenye mashimo. Mashimo ambayo kwenye ile skrini hayakuwepo.

Samsung wakatoa maelezo, na kwa haki niseme hawakuficha. Walisema simu imefundishwa kuutambua mwezi, na ikishautambua inaongeza undani kwa akili bandia, na asiyetaka anaweza kuizima hiyo sehemu kwenye kamera.

Inawezekana kwa sababu moja tu: mwezi unatuonyesha uso ule ule siku zote. Hakuna kitu kingine angani, wala hapa chini, ambacho binadamu wote wanakiona kwa upande mmoja tangu tumezaliwa. Ukishajifunza mwezi mmoja umejifunza yote, simu inachotakiwa kufanya ni kugundua tu kwamba hili doa ni mwezi.

Sina ugomvi na mtu anayefurahia picha yake. Mtoto akinyanyua simu akaona mashimo ya mwezi kwa mara ya kwanza maishani, hiyo ni furaha ya kweli na mimi siwezi kumnyang'anya. Ila mzee hakuuliza mwezi ukoje. Mwezi anaujua, amekaa nao miaka yote ile, bamvua na maji mafu amezihesabu kwa mwezi. Aliuliza wa leo.

## Halafu na mimi nikaanza

Ningeishia hapo makala ingekuwa fupi na mimi ningelala vizuri.

Ila wiki iliyofuata nilikaa na kompyuta nikaanza kutengeneza picha zangu za kabla ya kupatwa. Njia yenyewe iko hivi: hewa inatetemeka, kwa hiyo kila picha imepinda mahali pake. Unachofanya ni kupiga nyingi mfululizo, au video, halafu programu kama AutoStakkert, ambayo ni ya bure, inazipanga kwa ubora, inatupa mbovu, inazilaza zile nzuri moja juu ya nyingine na kutafuta wastani. Chembechembe zinajifuta zenyewe kwa sababu kila picha zimekaa sehemu tofauti, mashimo yanabaki kwa sababu yako pale pale. Baadaye unapeleka kwenye programu nyingine, RegiStax, kule kuna vishikio vya kunoa, unavisogeza taratibu na mwezi unafunguka mbele ya macho yako.

Ikatoka nzuri mno. Nilipiga kelele peke yangu sebuleni.

Mpwa wangu akaja, akaitazama, akasema kwa upole kabisa, hakuwa na nia mbaya: "Mamdogo, sasa si na wewe kompyuta ndo imekuchorea?"

Nikamwambia hapana, hapa hakuna kilichoongezwa, ni mwanga ule ule uliopita kwenye lenzi usiku ule, umepangwa tu. Akaitikia sawa. Mimi ndo sikuitikia. Maana nikarudi kwenye vile vishikio, nikavisukuma zaidi, na nikaona kwa macho yangu mashimo yanaanza kuvaa pete nyeupe pembeni, pete ambazo kwenye mwezi hazipo, zimezaliwa na kunoa. Nikavirudisha nyuma. Pete zikapotea. Lakini ni wapi hasa zilipoanza? Kuna mstari pale katikati, upande huu ni mwezi na upande ule ni mimi, na huo mstari hauna rangi wala alama.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Nikawa nafikiri labda picha safi ni ile moja tu, isiyoguswa, kama ilivyotoka. Halafu nakumbuka hata hiyo "isiyoguswa" kamera imeshaamua weupe, imeshaamua utofauti, imeshafuta chembe, kabla mimi sijaiona. Nikiipiga RAW, ile faili mbichi ambayo kamera haijaitengeneza, basi programu ya kuifungua inaamua. Hakuna mlango wa kutokea huko.

Basi nikaacha kupiga kwa muda.

## Tarehe mosi Novemba, 1941

Kilichonitoa hapo ni picha ya zamani sana.

Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alikuwa anaendesha gari jioni moja kule New Mexico akaona mwezi umetoka juu ya kijiji cha Hernandez, chini kuna kanisa dogo na makaburi, misalaba inapigwa na jua la mwisho. Akasimamisha gari, akapanga kamera yake kubwa ya mbao haraka haraka, kipima mwanga hakukiona. Akapima kwa kichwa, kwa sababu alikuwa anaujua mwangaza wa mwezi kwa namba. Akapata negativu moja, alipogeuza apige ya pili jua likawa limeshaondoka kwenye misalaba.

Hiyo ni moja ya picha maarufu kuliko zote duniani. Na Adams aliishughulikia kwenye chumba cha giza kwa miaka mingi, anga ambalo kwenye negativu lilikuwa na weupe wa mawingu yeye akalichoma, yaani akalizidishia mwanga wakati wa kuchapa, mpaka likawa jeusi tii, matoleo ya mwanzo na ya baadaye ukiyaweka pamoja utadhani ni nyakati mbili tofauti. Yaani alisukuma vishikio kwelikweli, vya enzi zake.

Ila tarehe alisahau. Akawa anaandika mwaka huu, kesho mwaka mwingine.

Ndipo watu wa elimu ya nyota wakaingia. David Elmore akapima mahali mwezi ulipo kwenye picha, umbo lake, na mahali kamera iliposimama, akapata tarehe 31 Oktoba 1941. Miaka kumi baadaye Dennis di Cicco akarudia hesabu, akagundua sehemu kamera iliposimama hasa sio ile iliyotumika mwanzo, akasahihisha: tarehe 1 Novemba 1941, saa kumi na dakika 49 jioni, na sekunde 20.

Sekunde!

Mwenye picha amesahau mwaka, anga amelibadilisha rangi kabisa, na bado mwezi mle ndani umekaa na sekunde yake. Nilisoma hiyo usiku nikaamka kitandani nikawasha kompyuta.

## Nilichokitafuta kwenye faili zangu

Nilitoa picha za mwezi mpevu nilizonazo, za miezi tofauti, nikazigeuza zote zilale upande mmoja na nikazilinganisha. Kuna doa moja la duara, jeusi, liko peke yake karibu na ukingo, linaitwa Mare Crisium, hata kwa macho unaliona. Kwenye picha moja lilikuwa limebanwa karibu na ukingo. Kwenye nyingine limesogea ndani, kuna nafasi nzuri kati yake na pembeni.

Hilo doa halitembei. Ni mwezi wenyewe unayumba. Unajizungusha kwa mwendo ule ule lakini njia yake kuizunguka dunia sio duara kamili, kuna wakati unakimbia na kuna wakati unakwenda polepole, kwa hiyo kwa sisi tulio huku unageuza shavu kidogo kushoto, kidogo kulia, na kwa sababu umeinama unainua na kushusha kidevu pia. Ndo maana ingawa unatuonyesha uso mmoja, kwa jumla ya muda tunaona asilimia 59 yake. Na ukubwa nao unabadilika, ukiwa karibu kabisa na ukiwa mbali kabisa tofauti inafika asilimia 14, kwa macho huijui, kwenye picha mbili zilizopigwa kwa lenzi moja unaiona bila kupima.

Kwa hiyo ule uso "ule ule" sio ule ule. Kila usiku una mkao wake.

Na hapo nilipata namna ya kukaa na kazi yangu. Nalaza picha juu ya picha, nanoa, sioni aibu, lakini nikishamaliza naifungua ile picha moja mbichi pembeni na naangalia kivuli kimoja kimoja: je, hiki kipo na kule? Kama hakipo, kinatoka. Naandika saa na mahali chini ya kila picha. Na faili mbichi sizifuti, hata hard diski ikijaa naona bora ninunue nyingine. Tangu hapo nimehama pia kwenye mwezi mpevu, napiga zaidi ukiwa nusu, kwa sababu pale giza linapokutana na mwanga vivuli vya milima vinabadilika ndani ya masaa, ukirudi baada ya chakula cha usiku kuna kilele kimeota ambacho jioni hakikuwepo. Mwezi mpevu jua linaupiga usoni, vivuli vyote vinakufa, ni mzuri kwa macho ila kwa lenzi una machache ya kusema.

## Wa kwetu unalala chali

Jambo jingine lilikuwa mbele yangu siku zote na sikuwahi kulitafakari. Picha nyingi za mwezi mtandaoni zinatoka kaskazini, Ulaya na Marekani, na kule Tycho anakaa chini. Kwenye picha zangu za Coco Tycho yuko kulia. Kuna mtu alishawahi kuniandikia kwamba nimeigeuza picha. Sijaigeuza, mwezi ukitoka baharini hapa unatoka umelalia ubavu, na alfajiri ukizama upande wa Ubungo unakuwa umelalia ubavu wa pili, Tycho yuko kushoto. Katikati ya usiku inategemea umepita kusini ya utosi au kaskazini yake, unaweza kumkuta chini, unaweza kumkuta juu. Usiku mmoja tu, anga moja.

Na mwandamo ndo usiseme. Kwetu unalala chali, pembe zote mbili zimeangalia juu, unaegemea kidogo tu kufuatana na majira. Sasa kila ikifika mwezi 29 Shaabani zinaanza kuzunguka picha kwenye magrupu ya WhatsApp, mwezi mwembamba umesimama wima kama ule wa kwenye bendera, "umeonekana sehemu fulani ya pwani", na watu wanatumiana mpaka usiku. Mwezi uliosimama hivyo jioni haukupigwa pwani yetu. Huna haja ya kuwa mtaalamu, toka nje tu siku mbili tatu za mwanzo wa mwezi wowote uangalie.

Mambo ya lini tufunge na lini tufungue yana wenyewe, masheikh na ofisi ya Mufti, na mimi siingii humo. Ila nimeufikiria sana utaratibu wao wa ushahidi baada ya lile swali la Coco. Anayekuja kusema ameuona haulizwi mwezi wa siku ya kwanza huwaga ukoje. Hilo wanalijua. Anaulizwa yeye alikuwa wapi, aliangalia upande gani, saa ngapi, alikuwa na nani. Wazee wetu walikuwa wanapanda juu ya mapaa na minara kwa ajili ya huo usiku mmoja wenye jina lake.

Sasa weka simu inayojaza yenyewe mkononi mwa mtu aliyepanda juu ya paa. Kawingu kembamba kameangaza upeoni, simu inadhani ni mwezi. Hilo linanitia hofu kidogo, nalisema wazi.

Upande wa pili kamera inaweza kuona zaidi ya jicho, na hapo pia nimekwama. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault alipiga picha ya mwezi katika dakika ile ile ya mwandamo wa hesabu, yaani pale mwezi mmoja unapoisha na mwingine kuanza, asubuhi, jua linawaka, mwezi uko digrii nne na kitu tu kutoka kwenye jua. Alitumia kichujio cha mwanga usioonekana kwa macho na kinga ya kuziba jua. Kauzi kembamba, kamevunjika vunjika, karibu hakipo. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kukaona. Hiyo ni picha ya kweli kabisa, mwanga wa kweli, saa ya kweli, na bado hakuna mtu aliyeuona. Ameuona nani hapo? Nimelizungusha hili kichwani na sijafika popote, na nadhani ni sawa tu likikaa hivyo.

## Agosti 2026

Tarehe 28 Agosti 2026, siku ya Ijumaa, mwezi unapatwa tena na sisi tutapata kipande. Sio mzima, ila kivuli kitafunika asilimia kama 93 ya upana wake, na shida ni kwamba unapatwa huku unazama. Kivuli kinaanza kuung'ata saa kumi na moja na nusu alfajiri hivi, kilele ni saa moja na dakika 13 asubuhi. Dar mwezi unazama saa kumi na mbili na nusu, tena unazama nyuma ya majengo, kwa hiyo tutapata chini ya saa moja na mwisho wake hatutauona.

Kigoma hesabu ni nyingine kabisa. Kule unazama zaidi ya nusu saa baada ya Dar, na magharibi yao ni ziwa tupu, milima ya Kongo ng'ambo itaukata kidogo mwishoni, lakini utakuwa umeliwa karibu wote, unashuka juu ya Tanganyika huku jua linatoka mgongoni kwako. Lenzi ya milimita 300, mtumbwi ukikaa umbali wa kama mita mia tano mbele yake na mwezi ukiwa chini kabisa, mwezi unakuwa na upana wa karibu mita nne na nusu za mtumbwi. Nimeshapiga hiyo hesabu mara nyingi.

Nimeanza kuweka nauli pembeni, treni ya reli ya kati nikipata nafasi, la sivyo basi. Mpwa wangu anasema anakuja na simu yake na atazima ile sehemu ya kujaza, anataka kuona itatoa nini peke yake. Kama uko Kigoma au Ujiji na una paa linaloona ziwa bila nyaya za umeme wala miembe mbele, naomba uniandikie. Nahitaji nafasi ya traipodi moja na watu wawili, na tutafika na unga na sukari.